Mashine Iliyomsubiri Fundi: Hotuba Kuhusu Kalibri 321

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mafundi saa na vijana wanaojifunza kazi hii hapa Dar es Salaam. Wengi mlishindwa kufika na mmeniomba maneno yote, basi haya hapa. Picha za ukutani nimeziacha. Pale nilipokuwa naonyesha kwa kidole nimejaribu kueleza kwa maneno.

Wazee wangu wa kazi, shikamooni. Mafundi wenzangu, vijana mnaojifunza, na ninyi mabibi na mabwana msiofungua saa lakini mnazipenda: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie saa za zamani za kutia ufunguo. Nikajiuliza, ipi? Ningegusa kila moja kidogo kidogo, tungeondoka hapa mikono mitupu. Kwa hiyo nimechagua mashine moja tu. Inaitwa Omega kalibri 321: Omega ni kampuni ya saa ya Uswisi, na kalibri ni aina ya mashine ya ndani ya saa. Ni mashine ya kronografu, yaani saa inayosema wakati kama saa nyingine, halafu ina mshale wa kupimia muda ambao unauanzisha, unausimamisha na kuurudisha sifuri kwa vitufe viwili vya ubavuni. Haina betri. Haina ile rota inayojaza springi yenyewe mkono unapocheza. Usipotia ufunguo, inalala.

Neno langu leo ni moja na nitalirudia mpaka mchoke: mashine hii ilitengenezwa na watu waliojua kwamba iko siku fundi ataifungua. Saa ngapi mnaletewa siku hizi ambazo aliyezitengeneza hakutaka kabisa mzifungue? Kifuniko kimegundishwa, ndani mmekuta plastiki, spea hakuna. Mteja anawatazama, mnamwambia anunue nyingine. Shikeni hilo, tutalirudia.

Tuanze na walioitengeneza. Mwaka ni 1942. Ulaya inaungua kwa vita, lakini Uswisi haimo vitani na viwanda vyake vya saa vinafanya kazi. Katika bonde la Vallée de Joux, kwenye kijiji cha L'Orient, kuna kiwanda kiitwacho Lemania, ambacho tangu 1932 kilikuwa kundi moja na Omega na Tissot. Kazi ya Lemania ilikuwa kronografu. Pale alikuwapo mbunifu mmoja, Albert Piguet, na mradi aliopewa ulikuwa na jina lisilo na madoido hata kidogo: 27 CHRO C12. 27 ni upana wa mashine kwa milimita. CHRO ni kronografu. C12 ni kaunta ya saa 12.

Hapo ugumu ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye ile 12. Kronografu nyingi za wakati ule zilihesabu dakika 30 basi, ukizidisha hapo ukumbuke mwenyewe kichwani. Piguet alitakiwa aongeze kaunta ya saa 12, na mashine ibaki na upana wa milimita 27. Upande wa nyuma, ule unaouona ukifungua kifuniko, ulikuwa umeshajaa wenzo na magurudumu. Basi mitambo ya kaunta ya saa akaipeleka upande wa pili, chini ya uso wa saa. Mafundi mnacheka kwa sababu mnajua maana yake: kaunta ile ikisumbua, ni lazima ung'oe mishale na uso ndipo uione. Ndiyo, inachosha. Lakini ukifika, unakuta kila kitu kimefungwa kwa skrubu. Hakuna kilichogundishwa.

Lemania waliiita mashine hiyo 2310. Omega baadaye wakaipa namba 321. Msije mkadhani ni mashine ya watu wa hali ya kati tu: msingi huohuo ndio Patek Philippe, watengenezaji wa saa za gharama kubwa, walioupamba na kuunyoosha ukawa CH 27-70, na kwa wenzao Vacheron Constantin ukawa 1141. Nyumba hizo hazikosi pesa za kubuni mashine yao. Walimchukua Piguet kwa sababu kazi ya Piguet ilikuwa nzuri.

Sasa naomba wale wa viti vya nyuma msogee kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Ukifungua kifuniko cha 321, kwanza utaona rangi. Vibao vyake vimepakwa rangi ya shaba yenye wekundu. Vito, yaani vijiwe vinavyoshikilia ncha za shina za magurudumu, ni 17. Gurudumu la balansi, lile linalocheza kwenda na kurudi kugawa muda, ni kubwa kwa mashine ya kiasi hiki na pembeni limezungushiwa skrubu ndogondogo. Springi yake, mzunguko wa mwisho umenyanyuliwa na kukunjwa kurudi juu ya mizunguko mingine, ule mkunjo aliouanzisha fundi saa Abraham-Louis Breguet mwishoni mwa karne ya 18. Mkunjo ule unaifanya springi ipumue sawasawa pande zote, na saa isibadilishe mwendo sana ikilala au ikisimama. Kuurekebisha ni kwa kibano na jicho. Wazee hapa mbele wanajua mkono unavyotetemeka.

Sasa bonyeza kitufe cha juu. Kinachotokea ni nini? Wenzo unalivuta gurudumu dogo, nalo linageuka hatua moja. Hilo ndilo gurudumu la nguzo. Chini lina meno yaliyolala upande mmoja, juu zimesimama nguzo zimelizunguka. Ncha za wenzo nyingine zote zinaliegemea. Ncha ikikaa juu ya nguzo, wenzo wake umesukumwa nje. Nguzo ikipita, ncha inadondokea kwenye nafasi na wenzo unaingia kazini. Gurudumu moja linawaamuru wote: wewe ingia, wewe toka, wewe subiri.

Wenzo wa kwanza kuingia ni klachi. Dereva wa gari la gia za mkono hapa ataielewa haraka, maana kazi ni ileile: kuunganisha kinachozunguka na kilichosimama. Kuna gurudumu linalozunguka usiku na mchana pamoja na sekunde ndogo. Kuna gurudumu la katikati, lenye mshale mrefu, ambalo limesimama. Klachi inalisogeza gurudumu la tatu kwa ubavu mpaka meno yashikane, na mshale unaanza kutembea. Kila ukimaliza dakika, kidole kidogo kwenye gurudumu la katikati kinaisukuma kaunta ya dakika jino moja. Ukibonyeza kusimamisha, klachi inarudi nje na breki inaingia. Ukibonyeza kitufe cha chini, nyundo inaangukia vipande vyenye umbo la moyo vilivyo chini ya mishale, na moyo popote ulipo unateleza mpaka nyundo itulie kwenye ubapa wake. Mshale umerudi sifuri. Hayo yote mtu wa nje anasikia "tik".

Naomba niwasimulie. Kijana mmoja aliniletea saa ya marehemu baba yake, baharia, ndani ina mashine hii. Malalamiko yake: akibonyeza kuanza, mshale unaruka mbele kwanza ndipo utembee, na saa yenyewe inapunguza mwendo. Nikaweka lensi jichoni. Meno ya klachi yalikuwa yameingia ndani mno kwenye meno ya gurudumu la katikati. Yanakandamizana. Balansi nayo, iliyokuwa inapiga kwa upana mzuri, kila klachi inapoingia inasinyaa. Kwa nini? Pembeni ya klachi kuna kipini chenye mkato wa bisibisi, ambacho kichwa chake hakikukaa katikati ya shina. Ukikigeuza kidogo, klachi inasogea kwa unywele. Kipini kile kilikuwa na mikwaruzo mipya. Kuna mtu alikuwa amekigeuza.

Nilikirudisha? Hapana, si mara moja. Vijana, sikilizeni hapa. Kwanza nilisafisha meno. Mafuta yaliyoganda kwenye meno ya kronografu yanaleta ugonjwa uleule, na huenda ndiyo yaliyomdanganya mwenzetu. Magurudumu yale hayatiwi mafuta kwenye meno. Nilipoona ni safi na bado yanakandamizana, ndipo nikakigeuza kipini, kidogo, nikatazama, kidogo tena, mpaka nikaona mwanga mwembamba kati ya ncha ya jino na shina la mwenzake. Mshale ukaondoka bila kushtuka.

Sasa niulizeni: kile kipini Piguet alikiweka cha nini? Kiwandani saa ikitoka sawa, kingekuwa na kazi gani tena? Alikiweka kwa ajili ya siku meno yatakapolika. Alikiweka kwa ajili ya fundi ambaye hatamjua kamwe. Ilitengenezwa ikimsubiri fundi.

Tuje kwenye habari iliyoifanya mashine hii ijulikane dunia nzima. Mwaka 1957 Omega waliiweka ndani ya saa waliyoiita Speedmaster. Hawakufikiria anga. Walifikiria mashindano ya magari, ndiyo maana kwenye ukingo kuna kipimo cha mwendo kwa saa. Oktoba 1962 mwanaanga wa Marekani Wally Schirra aliruka nayo kwenye chombo cha Sigma 7, na saa ile ilikuwa yake binafsi. Hakupewa na serikali.

Baadaye NASA, shirika la anga la Marekani, wakataka saa rasmi. Mhandisi James Ragan ndiye aliyepewa kuzipima. Zilizofika kwenye majaribio zilikuwa za Omega, Rolex na Longines-Wittnauer. Hamilton walileta saa ya mfukoni, ikawekwa kando. Mnajua walizifanya nini saa zile? Muda wa saa 48 kwenye joto la digrii 71 za selsiasi, halafu nusu saa kwenye digrii 93. Kisha baridi ya digrii 18 chini ya sifuri. Unyevu wa asilimia 95 kwa saa 240. Vishindo vya nguvu mara 40 ya uzito, kutoka pande sita. Kutolewa hewa, kutikiswa, kuongezewa mwendo, kelele.

Mshale wa moja ya saa hizo ulipinda kwa joto. Kioo cha nyingine kilipinda kikaachia. Iliyobaki ni moja, Omega, na tarehe 1 Machi 1965 ikapitishwa kwa safari zote zenye binadamu ndani.

Lakini wapenzi wa saa wakisimulia habari hii huacha sehemu ninayoipenda mimi. Ile saa haikupita bila jeraha. Kwenye jaribio la kutolewa hewa ilikimbia dakika 21 mbele. Kwenye jaribio la mwendo ilirudi nyuma dakika 15. Rangi ya kung'aa usiku kwenye uso iliharibika. Sasa, mteja akikuletea saa inayokimbia dakika 21, utamwambia ni saa bora duniani? Hapana. Ila mwisho wa majaribio yote ilikuwa inatembea, na kila kitu chake kinafanya kazi. Mwendo unarekebishika, kwa hiyo saa iliyopotea dakika inatibika. Iliyokunja mshale ikakwama, uko angani, utaitibu na nani?

Miezi mitatu baadaye, tarehe 3 Juni 1965, mwanaanga Ed White akatoka nje ya chombo cha Gemini 4 akiwa Mmarekani wa kwanza kuelea angani, saa imefungwa juu ya nguo. Inasemwa kwamba Omega wenyewe walijua kuwa NASA wanaitumia saa yao kwa kuona picha. Hilo ndilo tangazo ambalo huwezi kulinunua.

Na msinione mpiga debe. Mwaka 1971, kwenye safari ya Apollo 15, kioo cha Omega ya mwanaanga Dave Scott kiliachia wakiwa mwezini, akamalizia kazi na saa yake nyingine, Bulova. Kioo ni kioo. Hata mashine nzuri inavaa kofia inayoweza kupeperuka.

Sasa jambo la mapigo. 321 inapiga mara 18,000 kwa saa moja. Gawanya: mapigo 5 kwa sekunde. Kwa siku, mapigo 432,000. Watu wa leo husema hiyo ni polepole, saa za kisasa hupiga 28,800. Ni kweli. Mshale wa kronografu ya 321 hauwezi kusimama popote, unasimama kwenye moja ya vituo vitano vya kila sekunde. Huwezi kupima sehemu ya kumi. Lakini mwendo wa polepole maana yake msuguano mdogo, mafuta yanadumu, na balansi kubwa haiyumbishwi kirahisi.

Je, sehemu ya tano ya sekunde inatosha? Tuwaulize wanaanga wa Apollo 13. Aprili 1970, tanki la oksijeni limelipuka, wanaume watatu wako njiani kurudi duniani ndani ya chombo kilichozimwa karibu kila kitu ili umeme ubaki. Baridi kali. Wakagundulika wametoka kidogo kwenye njia. Wangeendelea vile, wasingeingia kwenye hewa ya dunia kwa pembe iliyo sawa. Ilibidi injini iwashwe kwa sekunde 14, si zaidi, si pungufu. Na kompyuta ya kuwaongoza ilikuwa imezimwa. Jim Lovell na Fred Haise wakashika uelekeo kwa mikono, wakiitazama dunia dirishani, mpaka wa mchana na usiku ukiwa ndiyo alama yao. Jack Swigert akashika muda kwa Omega yake ya mkononi.

Sekunde 14. Zidisheni kwa 5. Mapigo 70! Ndani ya ile saa klachi imeingia, balansi imekwenda na kurudi, meno 35 yamepita kwenye nanga, kile kipande kinachoyaachia meno kwa zamu, jino moja kwa kila mapigo mawili, klachi imetoka. Wakatua baharini salama tarehe 17 Aprili.

Na vipi saa ile ilikuwa na nguvu siku ile, mahali ambapo kila kitu kinachotumia umeme kilikuwa cha kuhesabiwa? Mtu aliitia ufunguo kwa vidole vyake. Basi.

Nipite haraka kwenye yaliyofuata. Mwaka 1968 Omega waliibadilisha 321 wakaweka 861. Aliyeibuni ni huyohuyo Piguet. Gurudumu la nguzo likaondoka, ikawekwa kemu ya bamba, yaani kipande bapa chenye kona za kusukuma wenzo, na mapigo yakapanda hadi 21,600. Ni rahisi kutengeneza kiwandani na haisumbui. Kuna watu huisema vibaya 861. Mimi si mmoja wao, maana nimezihudumia na ni mashine za kweli. Ila gurudumu la nguzo ukilibonyeza, kidole kinajua tofauti.

Nusu karne ikapita. Mwaka 2019 Omega wakatangaza kwamba 321 inarudi. Wakafanyaje? Waliichukua saa ya Eugene Cernan, aliyetembea mwezini na Apollo 17 mwaka 1972, wakaipiga picha za ndani kwa mashine za skani, sehemu kwa sehemu, wakaitengeneza upya. Na mashine hizo mpya, mjini Bienne, Uswisi, fundi mmoja ndiye anayeunganisha mashine, kisha saa nzima, mpaka mkanda. Fundi mmoja. Kiwanda chenye roboti za kila aina, kilipotaka kurudisha mashine hii, kilirudi kwa fundi ameketi mezani.

Kabla sijashuka, kuna jambo mnaulizwa kila siku na wateja, nami mmeniuliza pale mlangoni: eti saa ya ufunguo ukiikaza sana inaharibika? Springi ikijaa, imejaa. Vidole vinakataliwa, unaacha. Ukilazimisha kwa nguvu za kijinga utavunja kitu, hilo halina ubishi. Lakini saa iliyokuja kwako imejaa springi na haitembei, haikuuawa na kukazwa. Mara nyingi ni mafuta yamekauka. Mwambieni mteja atie ufunguo mara moja kwa siku, wakati uleule, saa ikiwa mkononi mwake na si imefungwa kwenye kifundo, maana ukitia imefungwa unakivuta kichwa upande na kulisaga shina lake. Na ailete kusafishwa kabla haijasimama.

Najua mnachosema moyoni: mwalimu, hiyo 321 sisi tutaiona wapi? Bei yake tu ni ya kiwanja. Ndiyo maana nimekuja na haya mnayoyaona pale mezani. Ni mashine za Kichina, ST19, za kiwanda cha Tianjin. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wachina walinunua mitambo ya kutengenezea kronografu ya Uswisi, Venus 175, na ST19 ndiyo mjukuu wake. Si 321 wala si ndugu yake wa damu, na inapiga 21,600. Lakini ni ya kutia ufunguo, ina gurudumu la nguzo, ina klachi ya ubavu, ina moyo na nyundo. Bei yake mwanafunzi anaweza kuchangishana na wenzake. Ukiharibu, umejifunza, ukiharibu 321, umeua.

Tutagawanyika watatu watatu kwa kila mashine. Mmoja anafungua, mmoja anaandika skrubu ipi imetoka wapi, maana urefu haulingani, mmoja anatazama kwa lensi tu na kuwaeleza wenzake anachokiona klachi ikiingia na kutoka. Wazee watapita kati yenu. Na kabla hujagusa daraja lolote (kibao kinachoshikilia magurudumu) kwa bisibisi, shika kichwa cha ufunguo, isukume ile kabari ya springi, yaani kijino kinachoizuia isijifungue, na uiachie nguvu itoke taratibu kati ya vidole vyako. Nguvu yote. Atakayeanza kufungua springi ikiwa imejaa, namtoa mezani. Haya, karibuni.